Ndege ya Sabaha Haijatua

Ndege ya Sabaha haikuzidi uzito wa yai la kuku wa kienyeji. Mwili wake ulikuwa kijiti cha msufi alichokichonga kwa wembe, mbavu za mabawa zilikuwa mianzi iliyopasuliwa mpaka ikawa kama nyuzi, na ngozi yake ilikuwa nailoni ile nyembamba wanayofungia mashati mapya dukani. Chini ya kijiti, toka puani hadi mkiani, ulipita utepe wa mpira alioupaka glisirini ili usikatike. Ukiusokota utepe ule mpaka ukajaa vifundo, kisha ukauachia, pangaboi la mbele linazunguka na ndege inakwenda zake. Hakuna injini wala betri. Nguvu yote inatoka kidoleni.

Sabaha alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kata ya Naipingo, binti wa wakulima wa korosho na ufuta, mkimya, mwenye tabia ya kukitazama kitu mpaka watu wadhani amekasirika. Aliyemwingiza katika mambo haya ni mwalimu wake wa fizikia, Madam Kornelia, mwenyeji wa Sumbawanga aliyeletwa kusini na ajira. Kila jioni wawili hao walikuwa nyuma ya choo cha wavulana wakiangusha ndege, wakitafuta kosa, wakirekebisha na kuangusha tena. Wanafunzi wengine walishazoea kuokota mabawa njiani wakienda kujisaidia.

Mashindano ya shule za Nachingwea na Ruangwa yalifanyika mwezi wa nane, kwenye uwanja wa ndege wa Nachingwea, mahali ambapo ndege ya kweli ikitua watu wanaacha kazi kwenda kuitazama. Kanuni zilikuwa fupi. Muda unahesabiwa tangu ndege inapoachiwa mpaka inapogusa ardhi. Mtu yeyote akiigusa kabla haijatua, matokeo yanafutwa. Itakayokaa hewani zaidi ndiyo mshindi.

Saa ilishikwa na Mwalimu Bwanali, mwalimu wa hisabati, mtu mwembamba ambaye suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata siku ya Jumapili. Huyu alikuwa na donda moyoni. Mwaka uliotangulia ndege ya shule fulani ilitua mgongoni mwa mbuzi, naye akasimamisha saa. Shule ile ikakata rufaa, ikasema mbuzi si ardhi, tena mbuzi mwenyewe alikuwa anatembea. Kamati ilikaa kutwa nzima, ikamwita mtaalamu wa mifugo, na mwisho ikakubali kwamba mbuzi si ardhi. Mwalimu Bwanali akapewa onyo mbele ya wenzake. Tangu hapo aliapa kwamba saa yake haitasimama mpaka macho yake yaone udongo.

Zamu ya Sabaha ilifika jua likiwa utosini. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na shamba lililochomwa moto juzi yake, jeusi tititi, na juu yake hewa ilikuwa inachezacheza kama maji yanayotaka kuchemka. Sabaha alisokota mpira mpaka vidole vikamuuma. Akaachia.

Ndege ilipanda kidogo, ikaenda juu ya lile shamba jeusi, na hapo ikawa kama imeshikwa na mkono kutoka chini. Ikaanza kuzunguka huku inapanda. Mwewe wawili waliokuwa wanazunguka pale wakaipisha, wakaitazama, kisha wakaendelea kuzunguka nayo kama wanaoifahamu. Mpira ulikwisha, pangaboi likasimama, lakini ndege ikazidi kwenda juu. Nailoni ilikuwa inaingiwa na jua, mabawa yakaonekana mekundu, kisha meupe, kisha hayakuonekana kabisa mpaka ndege igeuke. Sabaha alisahau kufumba mdomo. Baadaye hakuweza kueleza alichokihisi, ila kwamba kwa muda ule hakukumbuka kuwa ni mashindano.

Upepo ukaisukuma taratibu kuelekea barabara ya Ruangwa. Ikaanza kushuka. Watu wakakimbia nyuma yake, Mwalimu Bwanali mbele, saa kifuani. Wakati huohuo lori lilikuwa linapita, limepakia magodoro yaliyopangwa mpaka yakapita urefu wa nyumba. Ndege ikainama, ikatafuta mahali, ikalala juu ya godoro la juu kabisa, na lori likaondoka nayo.

Mwalimu Bwanali alilitazama lori. Akaitazama saa.

"Godoro si ardhi," akasema, akarukia bodaboda.

Madam Kornelia na Sabaha walipakiana mshikaki kwenye pikipiki ya pili wakamfuata. Dereva wa lori, alipoona kwenye kioo pikipiki mbili zinamfukuza na mtu mwenye saa anampungia mkono, alidhani ni watu wa mizani, akaongeza mwendo. Wakafukuzana hivyo mpaka wakaingia wilaya ya Ruangwa, vumbi likiwa limewageuza wote rangi moja. Lori likakata kuelekea Matambarale, likaenda kusimama mbele ya duka moja kijijini. Dereva alishuka huku mikono yake iko juu. Kabla hajaambiwa kitu, upepo ulipita, ukaiinua ndege kutoka kwenye godoro, ukaivusha njia, ukaiweka juu ya paa la nyasi la nyumba ya jirani, pua ikiangalia mashariki.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Hadija, mjane mzee aliyezoea Kimwera kuliko Kiswahili. Alikuwa ukumbini anapepeta ufuta. Alitoka akamkuta mwanamume amejaa vumbi anaelekeza kidole juu ya nyumba yake.

"Paa si ardhi," Mwalimu Bwanali alimwambia.

Bi Hadija alikubali kwamba si ardhi. Akauliza kama mgeni ameshakula.

Walipiga simu kwenye kamati. Kamati ikauliza maswali mengi, ikaomba muda, kisha ikajibu kwamba kwa kuzingatia uamuzi wa mbuzi, ndege haijatua na mshika saa aendelee na kazi. Sabaha alisema kwamba angeweza kutikisa paa kidogo kwa mti mrefu ikaanguka yenyewe. Mwalimu Bwanali alisema kutikisa paa ni kuigusa ndege kwa njia ya nyumba. Madam Kornelia alifungua mdomo kubisha, lakini simu yake ikaita. Alikuwa mkuu wao wa shule, Mwalimu Saleh, ambaye habari zilikuwa zimemfikia na tayari alikuwa ametangaza mstarini kwamba ndege ya shule yao imevuka mpaka wa wilaya na bado inaruka. Aliagiza wasiisumbue. Aliagiza pia Sabaha apewe soda.

Basi wakabaki. Mwalimu Bwanali alipewa kigoda, akakaa uani akiitazama ndege, na saa ikitembea mkononi mwake. Akila, anakula na mkono mmoja. Akienda msalani, anamwachia Madam Kornelia saa na kumsisitiza asipepese macho. Usiku alimulika paa kwa tochi. Sabaha na mwalimu wake walilala chumbani kwa Bi Hadija, na bibi yule akawa anamuuliza Sabaha kwa Kimwera huyu bwana anaumwa nini. Sabaha alijibu kwamba anahesabu. Bibi akauliza anahesabu nini. Sabaha akajifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi likatokea jambo. Fundi na vijana wake wanne walifika kuezua nyasi, maana Bi Hadija alikuwa ameshapata bati mpya na zilikuwa zimeegeshwa ukutani zinang'aa. Mwalimu Bwanali akawazuia. Fundi akauliza ni nani amezuia ujenzi, akaambiwa kuna ndege angani. Akatazama angani. Akaambiwa si huko, ni pale juu ya paa. Fundi aliketi chini akawasha sigara.

Mchana mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ismaily, alikuja amevaa koti. Alitoa hotuba fupi kwamba Matambarale imeingia katika usafiri wa anga, akapiga marufuku kupeperusha kishada, kurusha mawe ya kufukuza kunguru na kupiga chafya kwa nguvu karibu na nyumba ile. Kisha akamvuta Madam Kornelia pembeni, akamweleza kwa upole kwamba ndege ingawa ni ya Nachingwea, tangu jana inaruka kwa paa la Ruangwa, kwa hiyo ushindi ukija ugawanywe. Madam Kornelia, ambaye hakuwa amelala vizuri, alijibu kwamba akitaka agawiwe na magodoro. Mwenyekiti akaahidi kulifuatilia hilo.

Watu walianza kuja makundi kwa makundi. Wengine walitembea kutoka vijiji vya mbali. Walisimama nje ya ua wakitazama kitu kidogo cha nailoni kilicholala juu ya nyasi kuukuu, wakaulizana kinaruka tangu lini, wakaambiwa tangu jana, wakashangaa. Walimpongeza Sabaha. Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia hajawahi kuona ndege inayoruka kwa utulivu namna ile.

Sabaha alitabasamu kwa adabu, lakini moyoni alikuwa anaona haya. Kila pongezi ilimwingia kama anasifiwa kwa kulala. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kuhusu lile shamba jeusi, au wale mwewe. Jioni alienda akachuchumaa karibu na kigoda cha Mwalimu Bwanali.

"Mwalimu, samahani. Ilikaa juu muda gani?"

"Bado iko juu."

"Nasema juu hasa, mwalimu. Kabla ya lori."

Mwalimu Bwanali alifikiri. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni.

"Siwezi kujua," akasema. "Saa haijasimama."

Siku ya tatu asubuhi kamati ilipiga simu na uamuzi mpya. Mgeni rasmi wa kufunga mashindano alikuwa amekubali kuja Matambarale, lakini hawezi kufanyia sherehe uani kwa Bi Hadija kwa kuwa hakuna mahali pa kuweka turubai. Sherehe itafanyika kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, ng'ambo ya bonde. Ndege ipelekwe huko, iendelee kuruka mbele ya mgeni rasmi, isiguswe, isitue.

Madam Kornelia alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga ya kuazima. Mwalimu Bwanali hakucheka. Alizunguka nyumba mara kadhaa, kisha akamwita fundi. Ilipangwa hivi: kipande kile cha paa kilichobeba ndege kikatwe na fito zake, kiteremshwe taratibu, kibebwe mabegani na vijana. Gari halifai, maana gari linazalisha upepo. Bi Hadija alikuwa mtu wa kwanza kuunga mkono. Alisema hata wakitaka kubeba nyumba nzima wabebe, mradi fundi apande.

Wakakata. Wakateremsha. Vijana wanne wakaweka fito begani, wawili mbele na wawili nyuma, na ndege ikalala katikati juu ya nyasi. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, tayari linakaribia utosini, na Mwalimu Bwanali alihofia upepo, waliizungushia shuka jeupe pembeni likasimama kama ukuta mdogo, likaachwa wazi juu ili aendelee kuiona. Wakatoka kwa mwendo wa taratibu, kimya, Mwalimu Bwanali ubavuni ameinamisha kichwa kutazama saa.

Hawakufika mbali. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakuja na baiskeli alishuka, akaiegesha kwenye mkorosho, akatoa kofia mfukoni akaivaa, akaja kumpokea kijana wa mbele bega lake kama ilivyo desturi ya maziko. Nyuma yake wakatoka wengine wawili shambani. Kisha wengine. Kila baada ya hatua chache mtu anakuja, anapokea, anatembea kidogo, anapokewa. Wale vijana wa fundi wakasukumwa nyuma kabisa wakabaki mikono mitupu, na hakuna aliyewauliza kitu.

"Ni wa wapi?" yule wa baiskeli alimnong'oneza kijana mmoja.

"Inatoka Naipingo," kijana akajibu, akidhani ameulizwa kuhusu ndege.

"Mtu mzima?"

Kijana akafikiri ameulizwa kuhusu aliyeiunda. "Hapana. Kidato cha tatu."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," yule mtu akasema kwa uchungu wa kweli, akarudi tena kubeba. Baada ya muda akanong'ona, "Mbona mwepesi hivi?"

"Ni mianzi tu na nailoni."

Yule mtu akafumba macho, akaongeza hatua.

Sabaha aliyasikia yote hayo kutoka nyuma. Alitaka kusema, lakini angesema nini? Kwamba msibani hakuna maiti na yeye ndiye mwenye maiti? Kabla hajaamua, mzee mmoja alimgeukia yeye na Madam Kornelia, akawaambia kwa upole kwamba wanawake hawafuati jeneza, wamshukuru Mungu na warudi nyumbani. Madam Kornelia alianza kueleza sheria za mashindano. Sabaha akamwacha anaeleza, akaacha njia, akapanda kwenye ukingo wa bonde, na kutembea sambamba na msafara kupitia shamba la mihogo.

Ndiyo maana aliona vizuri. Msafara ulipofika juu ya kilima, pale ambapo njia inatoka kwenye mikorosho, upepo uliwapiga uso kwa uso. Shuka likafunguka. Waliobeba wakainamisha vichwa. Na katikati ya ukuta wa shuka ndege ikanyanyuka, polepole, kama mtu anayeamka hataki kuwaamsha wenzake.

Ilipita juu ya kofia zao bila kugusa hata moja. Mpira wake ulikuwa umelegea, pangaboi limesimama, lakini ilijishika kwenye upepo, ikageuka, ikashuka bonde zima mbele ya Sabaha, karibu kiasi kwamba alisikia nailoni inavuma. Alianza kukimbia bila kujua. Hakuikimbilia aishike, alikimbia nayo, akiruka matuta ya mihogo na sketi imekunjwa mkononi. Ikaenda, ikaenda, ikashusha tumbo, ikatua kwenye tuta na kuteleza kidogo, bawa moja likapasuka.

Mwalimu Bwanali alifika akihema. Alipiga magoti. Aliweka kidole chini ya tumbo la ndege, akachota udongo, akausugua vidoleni mpaka akaridhika. Akabonyeza saa.

Kule juu ya kilima watu walikuwa wamesimama wanatazama jeneza lililobaki na nyasi. Ilichukua muda kueleweshana. Wengine walikasirika, wengine wakaketi chini kwa kicheko, na yule wa baiskeli akasema kwamba kwa vile wameshakusanyika na wameshavaa kofia, itakuwa vibaya kuondoka hivihivi. Wakawaombea dua marehemu wote wa kijiji, wakatawanyika.

Uwanjani mgeni rasmi alikuwa anangoja chini ya turubai. Mwalimu Bwanali alisimama mbele ya kipaza sauti, akasafisha koo, akasoma saa yake. Sekunde arobaini na moja.

Watu walidhani amekosea. Mwenyekiti wa kamati alichukua saa akaisoma mwenyewe. Ilikuwa ni ile saa ya dukani inayohesabu mpaka siku moja itimie, kisha inaanza upya bila kumwambia mtu. Kamati ilijitenga, ikabishana. Mwalimu Saleh alipiga simu akilia kwamba shule yake imeruka siku tatu mbele ya mashahidi. Lakini Mwalimu Bwanali alishikilia lake. Yeye si shahidi, alisema, yeye ni msoma saa, na saa imesoma hivyo. Mwisho wakamkubalia. Kombe lilienda kwa kijana mmoja wa Ruangwa ambaye ndege yake ilikaa hewani dakika moja na nusu kwa haki kabisa, na Sabaha akawa wa nne.

Madam Kornelia alimtazama mwanafunzi wake akitegemea machozi. Sabaha alikuwa anakagua bawa lililopasuka.

Walipokuwa wanakunja turubai, Mwalimu Bwanali alimjia. Mstari wa pasi ulikuwa umepotea kwenye suruali yake.

"Uliniuliza kitu jana," akasema. "Kule Nachingwea, kabla ya lori, sikuitazama saa hata mara moja. Nilikuwa naitazama ndege."

Sabaha alimwambia asante, na alimaanisha. Mwalimu Bwanali akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta mahali pa kulala.

Usafiri wa kurudi Naipingo ulikuwa wa kesho yake, kwa hiyo walirudi kwa Bi Hadija. Fundi alikuwa tayari juu, anapigilia bati, na kelele zake zilisikika kijiji kizima. Sabaha alimsaidia kwa kumpa misumari, Madam Kornelia akashika ngazi, na jioni nyumba ilikuwa imeezekwa upande mmoja. Wakiwa wanakula ugali, Bi Hadija akasema kwamba kwa siku zote hizo amekaa na kile kitu juu ya kichwa chake, na hajakiona kikifanya kazi.

Sabaha alibandika bawa kwa gundi na kipande cha mfuko wa unga. Akasokota mpira. Fundi alishuka ngazi aje kuona. Bi Hadija alinawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akasimama katikati ya ua kama mtu anayepigwa picha.

Sabaha akaachia. Ndege ilipinda kushoto mara moja, ikaenda ikapiga pua kwenye mchanga, mbele kabisa ya miguu ya bibi.

Bi Hadija aliinama, akaitazama.

"Ni hii hii?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Hii ndiyo iliyonizuia kuezeka?"

Kicheko kilimpanda Sabaha kutoka mbali, akaketi palepale mchangani akicheka, na Bi Hadija, baada ya kumwangalia kidogo, akamshika bega ili asianguke, akaanza kucheka naye.